Pambo Si Ziada

Katika madarasa ya fasihi, kuanzia shule ya upili hadi chuo kikuu, tamathali za usemi aghalabu hujulishwa kwa jina la mapambo ya lugha. Mwanafunzi hulipokea jina hilo bila kulihoji, na pamoja nalo hupokea dhana iliyojificha ndani yake: kwamba pambo ni kitu kinachoongezwa juu ya kitu kingine kilichokwisha kukamilika, na kwamba likiondolewa, kinachobaki kitapungukiwa na uzuri tu, si maana. Kamusi nazo haziisaidii hali hii, kwani humo pambo hufasiliwa kuwa kitu cha kupendezesha, basi. Dhana hii ni potofu. Ni potofu kuhusu lugha, jambo ambalo wahakiki wengi wamekwisha kulieleza. Lakini, la msingi zaidi, ni potofu kuhusu pambo lenyewe, yaani ushanga, kidani, kikuku, pete na kipini. Historia ya kale ya vitu hivi inashuhudia kwamba mwanadamu alivivaa ili aseme, afunge ahadi, ajikinge na aweke akiba. Uzuri ulikuwamo tangu mwanzo, lakini haukuwa peke yake.

Ushahidi wa kwanza hauhitaji safari ndefu. Katika kaunti ya Kilifi, kiasi cha kilomita 15 kutoka ufuoni, lipo pango la Panga ya Saidi. Wanaakiolojia waliolichimba walitangaza mwaka 2018 kwamba miongoni mwa vitu vilivyofukuliwa ni ushanga uliotengenezwa kwa kombe la baharini, wenye umri wa zaidi ya miaka 60,000. Mwaka 2021 pango hilo hilo lilipata umaarufu mkubwa zaidi kwa kaburi la mtoto wa umri wa miaka takriban mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, ambaye watafiti walimpa jina la Mtoto. Na kwa njia hiyo neno la Kiswahili likaingia katika majarida ya sayansi ya ulimwengu bila kutafsiriwa. Ni heri ilivyokuwa. Hata hivyo, inafaa kusikitika kidogo kwamba ushanga uliotangulia kutangazwa haukuzungumzwa sana katika idara za Kiswahili, ilhali ndio unaogusa kwa karibu suala la lugha.

Unaligusaje? Kombe halina tundu la kupitishia uzi mpaka mtu alitoboe, au aliokote likiwa limetobolewa na mawimbi kisha atambue linachoweza kufaa. Hatimaye sharti pawepo uzi, na mtu wa kuvaa, na mtu wa kutazama. Kombe halilimi, haliwindi, halikati nyama wala halimpi mtu joto. Kazi yake yote imo katika akili za watu wawili wanaokubaliana kwamba kitu hiki kinasimama badala ya jambo fulani lisiloonekana. Mwanafunzi wa isimu ataitambua mara moja hali hiyo, kwa kuwa ndiyo hali ya neno: sauti isiyo na uhusiano wa kimaumbile na kile inachokitaja, lakini jamii ikakubaliana iwe hivyo. Ndiyo sababu wataalamu wa historia ya kale huyachukulia mapambo kuwa miongoni mwa dalili zilizo wazi zaidi za fikra ya kiishara. Sauti za watu wale zimepotelea hewani. Shanga zao zimebaki.

Panga ya Saidi haisimami peke yake. Katika pango la Blombos, kusini mwa Afrika Kusini, zilifukuliwa kombe ndogo za konokono wa majini zenye umri wa miaka takriban 75,000, zikiwa na matundu, alama za kusuguliwa na uzi, na mabaki ya ngeu, yaani udongo mwekundu. Habari hiyo ilipotangazwa mwaka 2004 wengi walistaajabu, kwa kuwa ilikuwa imezoeleka kusemwa kwamba mwanadamu alianza kufikiri kwa ishara huko Ulaya, miaka takriban 40,000 iliyopita. Mwaka 2021 kulitangazwa shanga 33 za pango la Bizmoune, karibu na Essaouira nchini Morocco, zilizo baina ya miaka 142,000 na 150,000. Afrika, basi, ndiyo inayoshika ushahidi mkongwe zaidi wa ushanga unaojulikana hadi sasa. Insafu inadai iongezwe kwamba si wanadamu wa aina hii pekee waliojipamba: huko Krapina nchini Kroatia zilikutwa kucha nane za tai zenye alama za kukatwa na kusuguliwa, za miaka takriban 130,000 iliyopita, na waliozitengeneza walikuwa Neanderthal.

Swali linalofuata ni la nani anayeambiwa. Mama hahitaji ushanga shingoni mwa mwanawe ili ajue huyo ni nani. Mkazi wa pango moja hahitaji kuarifiwa kwamba jirani yake wa jana ni jirani yake wa leo. Kwa upande mwingine, mgeni kabisa, anayetoka mbali asikojua desturi za mahali, hatayasoma mapambo hayo hata akiyaona. Msomaji anayekusudiwa ni yule aliye kati: anayeijua lugha ya mapambo lakini hamjui mvaaji. Kwa hiyo kuzuka kwa shanga kunadokeza kwamba watu walikuwa wameanza kuishi katika jamii pana kuliko jamaa, ambamo mtu aliweza kukutana na asiyemjua na bado akajua amchukulieje. Hoja hii inafaa kuzingatiwa na kila anayefundisha isimujamii, maana lahaja na lafudhi hufanya kazi iyo hiyo.

Afrika Mashariki inayo mifano dhahiri. Katika pango la Enkapune ya Muto, juu ya Naivasha kwenye ngazi za Mau, zilipatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa miaka takriban 40,000, pamoja na vipande vilivyovunjika kabla ya kumalizika. Vipande hivyo vibovu vina faida kubwa kwa mtafiti, kwa kuwa vinafichua hatua za kazi: ganda huvunjwa, hutobolewa, kisha huchongwa na kusuguliwa mpaka liwe duara. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliolinganisha zaidi ya shanga 1,500 za namna hii kutoka mashariki na kusini mwa Afrika. Ulionyesha kwamba kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita, shanga za pande hizo mbili, zilizotenganishwa na maelfu ya kilomita, zilifanana kwa ukubwa na umbo kiasi cha kuashiria mtandao wa watu waliokuwa wakiwasiliana. Kisha mfanano huo ukakoma.

Namna mtandao kama huo unavyoweza kufanya kazi imeelezwa vyema na Wasani wa Kalahari. Miongoni mwa kundi lao la Ju/'hoansi palikuwa na desturi iitwayo hxaro, ambamo mtu humpa mwenziwe wa mbali zawadi, hasa ya shanga, naye hupokea nyingine baada ya muda. Zawadi yenyewe si kubwa. Kubwa ni haki inayofungamana nayo: ukame ukija, mtu anaweza kuhamia kwa mshirika wake na kuishi katika ardhi yake bila kufukuzwa. Ushanga huo ni hati. Anayeuita urembo hajakosea, ila amesoma jalada akaacha kitabu.

Ziko pia nyakati ambapo pambo lilitumiwa kusema kinyume cha yale yanayotarajiwa. Karibu na ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, katika eneo la Lothagam, wafugaji wa kale walijenga makaburi ya pamoja baina ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita, wakati maji ya ziwa yalipokuwa yakipungua na maisha yakibadilika. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yanakadiria kwamba wamezikwa humo watu wasiopungua 580: wanaume, wanawake, vikongwe na watoto wachanga. Mapambo yalikutwa kwa wingi: shanga za mawe ya rangi, shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na pambo la mtu mmoja lililotengenezwa kwa mamia ya meno ya panya wa nyika. Lililowashangaza watafiti ni kwamba karibu kila mtu alizikwa na mapambo yake, bila ya kuonekana tabaka la wachache walioyahodhi.

Hali hiyo ilinganishwe na Varna, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi nchini Bulgaria, ambako mwaka 1972 yaligunduliwa makaburi ya miaka takriban 6,500 iliyopita. Huko dhahabu ni miongoni mwa dhahabu kongwe zaidi iliyofuliwa duniani, na sehemu yake kubwa ilikusanywa katika makaburi machache, mojawapo likiwa la mwanamume mmoja aliyelazwa na vito kama mfalme, huku wengine wakizikwa mikono mitupu. Vitabu vingi hueleza historia ya vito kana kwamba njia ya Varna, ambayo Misri ya mafarao iliifuata kwa fahari kubwa zaidi, ndiyo njia ya pekee: vito huanza, kisha hutokea wakubwa wa kuvivaa. Lothagam inakanusha. Waliojenga pale walikuwa na ujuzi, subira na mawe mazuri. Walichagua kuwavisha wote. Kwa nini mfano huu haupo katika vitabu vya historia ya ustaarabu vinavyosomwa nchini Kenya ni suala la kuulizwa wanaoviandika.

Yamkini atajitokeza mpinzani aseme kwamba haya yote ni ya watu wasioandika, na kwamba palipo na maandishi pambo hubaki kuwa urembo. Jibu limo katika utungo unaosomwa na kila mwanafunzi wa ushairi wa kale wa Kiswahili. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia bintiye utendi wa mawaidha katika kisiwa cha Pate mwaka 1858, alimtaka apokee hirizi na kuifunga kwa uzi. Tena akaahidi kumtungia kidani cha lulu na marijani cha kuvaa shingoni. Hirizi na kidani hicho ni mawaidha yenyewe. Wahakiki wengi hupita hapo upesi wakisema ni sitiari nzuri, kisha wakaendelea na suala la mume na mke. Lakini mshairi hakuokota sitiari hiyo ovyo. Aliweka pamoja kazi mbili za tangu jadi za kitu kivaliwacho shingoni, kinga na heshima, akazikabidhi kwa maneno. Baadaye katika utendi huo huo anamwagiza binti asiache pete wala hina, na hapo pambo ni sehemu ya wajibu, kama vile usafi wa nyumba na kauli njema.

Lugha yenyewe ilikuwa imemtangulia. Kitenzi kutunga hutumika kwa shanga na hutumika kwa shairi. Mtu hutunga ushanga mmoja baada ya mwingine kwenye uzi, na mtu hutunga mizani na vina. Mwenye kudhani kwamba hapa shairi limeazima neno la shanga kwa ajili ya madoido na awaulize wazee wa Lamu kama wanahisi maana mbili. Kitenzi ni kimoja, na fikra ni moja: kupanga vitu vidogo kwa utaratibu, juu ya kitu kisichoonekana kinachovishika. Uzi ukikatika, shanga zote zipo, lakini kidani hakipo. Je, kuna fasili bora zaidi ya utungo? Walimu wanaotafuta njia ya kueleza muwala wangeweza kuanzia hapo badala ya kuanzia kwenye istilahi za kigeni.

Hirizi haina budi kutajwa kwa jambo moja zaidi. Katika Misri ya kale mapambo mengi ya shingoni na vidoleni yalikuwa na umbo la dundu wa kinyesi au jicho la mungu, na maiti walivishwa ili wavuke salama. Aliyeyavaa hakutenganisha uzuri na ulinzi. Mama wa Kiafrika anayemfunga mtoto mchanga ushanga mweusi mkononi naye hatenganishi. Dini mbalimbali zimelitolea jambo hili hukumu zao, na hapa si mahali pa kuzipima. Kinachohusu lugha ni kwamba tofauti kati ya pambo na kago ni ya mchora mpaka, si ya mvaaji.

Biashara ndiyo iliyofanya lugha ya mapambo ivuke bahari. Kitabu cha mabaharia cha Kigiriki kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza, kinataja aina kadhaa za vito vya kioo miongoni mwa bidhaa zilizoletwa katika bandari za pwani hii mpaka Rhapta. Mji wa Shanga, kisiwani Pate, ulianza kukaliwa katika karne ya nane, na wachimbaji walikuta humo vigae vyenye mifereji vilivyotumiwa kusugulia shanga za kombe. Yaani mji huo haukuwa soko la kupokea tu. Ulikuwa na mafundi wake.

Katika karne ya 19 shanga zilikuwa fedha ya bara. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1857 na 1859, alikadiria kwamba zilikuwapo aina zipatazo 400, nyingi zikitoka Venice, na nyingine zikiwa na majina matatu au manne. Zile nyekundu ziliitwa samesame. Walizipa pia majina ya utani, moja likimaanisha kitu kinachomaliza chakula, kwa kuwa mtu alikuwa radhi kukitoa chakula chake ili azipate, na jingine kitu kinachovunja mji. Henry Morton Stanley, alipojiandaa kwa safari yake ya mwaka 1871, alilazimika kujifunza kwamba shanga nyeusi, bubu, zilikubaliwa Ugogo na hazikuwa na thamani yoyote kwingineko. Kwamba nyeupe zilipendwa Ufipa. Na kwamba sungomaji zilitakiwa Ujiji lakini zikikataliwa penginepo. Msafara uliobeba rangi isiyofaa uliweza kufa njaa katikati ya mashamba yaliyojaa nafaka. Walioijua elimu hiyo ni wapagazi na wafanyabiashara wa Kiswahili na Kinyamwezi. Wazungu waliiandika na kusifiwa kwayo.

Kusema kwamba pambo si ziada hakumaanishi kwamba pambo ni jema daima. Shanga hizo hizo zilinunulia pembe za ndovu na watu. Na watu walionunuliwa, kama ilivyokuwa kwa karne nyingi katika nchi za Kiislamu, mara nyingi walipewa majina ya vito: Feruzi, Almasi, Yakuti, Marijani, Johari. Leo majina hayo huitwa kwa fahari, na haki yao. Lakini asili yake ni mtu aliyehesabiwa kuwa kito katika hazina ya mwingine. Vivyo hivyo, katika jamii ya Wasamburu, shanga ambazo moran humvisha msichana mdogo zimekuwa alama ya uhusiano wa kimapenzi usioruhusiwa kuishia katika ndoa, na wanawake wa jamii hiyo wenyewe ni miongoni mwa wanaoipinga desturi hiyo. Msafiri anayepiga picha na kusifu rangi hajui anachokipiga picha. Kosa lake si la macho, ni la fasili: ameambiwa pambo ni kitu cha kupendezesha.

Kwa upande mwingine, mwanamke wa pwani aliyepewa dhahabu katika mahari ana mali iliyo yake kisheria, si ya mume wala ya ndugu, na siku ya shida anaweza kuiuza au kuiweka rehani bila kuomba idhini. Bangili zake sita zinaweza kuwa karo ya mtoto. Wanaomwona amezivaa harusini wakamwita mpenda anasa wangetafakari ni benki ipi nyingine ambayo mamaye au bibiye aliruhusiwa kuwa nayo.

Limebaki suala la maneno. Kiswahili kina, au kilikuwa na, msamiati mpana wa mapambo: kekee, timbi, jasi, furungu, mtali, azama, kishaufu, kidani, mkufu, utunda. Katika kamusi, mengi kati ya haya hufasiliwa kwa maneno matatu au manne: aina ya bangili, aina ya pambo la sikio. Mtumiaji haelezwi kama kekee ni ya fedha au shaba, huvaliwa na nani, wala kwa nini jina lake linafanana na la kifaa cha kutobolea cha seremala. Haambiwi kwamba jasi linahitaji ndewe iliyopanuliwa kidogo kidogo tangu utotoni, na kwamba msichana asiyetogwa mapema hawezi kulivaa ukubwani. Kauri imekwisha kuhamia kwenye vyombo vya mezani, na vijana wengi hawajui kwamba ni kombe lililokuwa sarafu, lililopakiwa kwa shehena Zanzibar katika karne ya 19 na kupelekwa Afrika Magharibi. Hayo yote yanatokea wakati ambapo idara za Kiswahili zinapokea kila mwaka tasnifu nyingine juu ya usawiri wa mhusika katika riwaya zile zile tano. Mada si haba. Watafutaji ndio haba.

Ichukuliwe mfano utunda. Kamusi inasema ni shanga za kiunoni za wanawake. Huvaliwa chini ya nguo. Anayeziona ni mmoja, na pengine huzisikia kabla ya kuziona. Fasili ya pambo kuwa kitu cha kupendezesha mbele ya watu huangukia hapo hapo. Atakayeandika ingizo jipya la neno hilo atalazimika kueleza ni nani huzitunga, msichana huvishwa lini na nani, rangi zipi husema nini, ni wakati gani huvuliwa, na kama desturi ya Pate ni sawa na ya Vanga. Bibi wanaoweza kuyajibu maswali hayo bado wapo Siyu, Faza na Vanga, na wengi wao watamjibu mwanafunzi wa kike kabla ya kumjibu wa kiume.